Matanga ya Chini ya Kamba

Serikali ilikuja kwangu imevaa viatu, nikaiambia ivue.

"Hapa ni msibani, bwana mkubwa," nikasema. "Mkeka haukanyagwi."

Yule bwana akatazama miguu yake. Alikuwa Gwakisa, Mkuu wa Itifaki wa Shirikisho letu, mtu wa kipara na suti inayojipoza yenyewe. Ukimsogelea unaisikia inanguruma kidogo kama friji. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele pembeni wakakiona wote kwa pamoja, wakainamia nyungo zao, mabega yakawa yanatikisika.

"Pole kwa msiba, mzee Shekue," akasema alipokaa.

"Tumeshapoa. Umechelewa mwaka na ushei."

Akameza mate. Nikamwacha ameze. Mimi darasa la nne ndilo lililonishinda, lakini kumkalisha mtu wa serikali chini hadi magoti yamuume sihitaji cheti.

Akazungusha macho. Mikeka ilianzia mlangoni kwangu ikaenda mpaka kwenye matangi ya maji, huko tena ikakata kona. Watu walikuwa wamekaa, wamelala, wananyonyesha, wanacheza bao, wanapika. Juu yetu Kamba ilikuwa imenyooka kuingia mawinguni, na gari la mizigo likipanda polepole kama dudu kwenye ukuta. Mtaa wote huu wa Chini ya Kamba ulikuwa unaomboleza mke wangu. Kwa macho ya sheria, hakuna kingine tulichokuwa tunafanya.

Sheria ya Kinga inakataza sisi Wajuu, watu tuliowahi kufanya kazi kule juu, kukusanyika zaidi ya kumi, isipokuwa msibani. Wakubwa walioiandika waliacha hapo msibani kwa sababu na wao hufiwa, na hakuna mkubwa anayetaka kuzikwa na watu kumi. Wasichoandika ni msiba unaisha lini. Kwetu anayeondoa tanga ni mfiwa. Akisema tumeondoa, mikeka inakunjwa, watu wanakwenda makwao. Mfiwa nilikuwa mimi, na nilikuwa sijasema.

Polisi walikuja mwanzoni. Tukawapa uji. Afande wao akasoma sheria, akairudia, akaomba uji mwingine.

"Jumapili wageni wa Nchi za Kati wanafika," Gwakisa akasema.

"Tumesikia. Mmepaka rangi hata mawe ya barabarani."

"Mzee, unajua maana ya ugeni huu?"

Nilijua, nani asiyejua. Dunia nzima ina kamba mbili tu za kupandia angani, yetu, na ile ya Ranawe ng'ambo ya bahari. Nchi za Kati zina watu na mizigo ya kupeleka mwezini, na zilikuwa hazijaamua zipandie wapi. Watakayemchagua atakula vizazi na vizazi. Atakayeachwa kamba yake ataanikia nguo. Ndiyo maana Ranawe walikuwa wanatupiga picha kutoka juu na kuionyesha dunia kwenye kila taarifa ya habari: mikeka yetu, moshi wetu, watoto wetu. Wanasema, tazameni, hawa ndio waliojenga kamba ile, na hawaruhusiwi kuingia hospitali.

Miaka yote tulikuwa tumelia hapahapa, Bunge liko mwendo wa kwa mguu, na hakuna aliyegeuza shingo. Adui alipotupiga picha ndipo tukaonekana nyumbani.

"Muswada uko tayari," Gwakisa akasema. Sauti ameishusha. "Kila kitu, mzee. Hospitali, shule, mabomba ya mjini, kura. Milango yote inafunguliwa. Waziri Mkuu atasaini hapa hapa, mbele ya wageni."

Nyungo zilikuwa zimenyamaza. Nikajua kila sikio la karibu limesimama.

"Na mimi natakiwa nini?"

"Uondoe tanga siku hiyo. Na wageni wakiuliza, useme neno dogo tu." Akavuta soksi yake kufunika kidole. "Kwamba mama Zawena alifia njiani. Moyo. Kabla hajafika hospitali."

Nikaanza kunyoosha ncha ya mkeka, naye akaendelea.

"Tukikiri kwamba alifia mlangoni, wageni wataondoka na Ranawe. Na wakiondoka, muswada unarudi kabatini. Wewe mwenyewe fikiria."

Akavaa viatu vyake akiwa amesimama mguu mmoja, kama korongo, akaondoka.

*

Nieleze mlango, maana huko mbele mtauhitaji.

Ukipanda Kamba kufanya kazi, kwanza unadungwa chembe. Ni mashine ndogo kuliko vumbi, zinaogelea kwenye damu na kuziba kila kinachounguzwa na jua la kule juu. Bila hizo huwezi kurudi mzima. Ukishuka, zenyewe hazishuki, zinabaki mwilini mpaka kifo. Hapo zamani watu wakavumisha kwamba zinaruka kutoka kwa mtu hadi mtu. Madaktari walithibitisha kitambo kwamba haziruki, zikitoka kwa mwenyewe zinakufa, isipokuwa kwa mtoto aliye tumboni. Lakini sheria ilikuwa imeshapita, na watu walikuwa wameshapata kandarasi za milango. Ukishapata kandarasi huwezi kuambiwa ugonjwa haupo.

Wanaiita milango ya pua. Unapumua mbele yake, inanusa, inaamua. Haina kitasa, nje wala ndani. Walijisifia sana kwa hilo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuipaka Kamba mafuta. Zawena alikuwa mchomeleaji. Kile kiungo cha katikati kinachoshikilia Kamba yote, yeye ndiye aliyekichomelea, amening'inia na mshipi mmoja, anaimba. Kila mzigo, kila mheshimiwa aliyewahi kwenda mwezini kupigwa picha, amepita juu ya mkono wa mke wangu.

Asubuhi ile alishikwa na kifua. Nikambeba hadi hospitali ya mjini, maana ya kwetu ilikuwa zahanati ya bandeji na panadoli. Tukapanda ngazi. Mlango ukanusa. Ukasema kwa sauti laini ya kike, "Karibu. Tafadhali subiri kwa umbali salama."

Daktari akaja mbio upande wa pili wa kioo, binti mdogo tu. Akapiga kelele nimlaze chini, nibonyeze hapa, hapana, hapa. Nikabonyeza. Yeye akachukua kiti cha chuma akaanza kukipiga kioo. Kioo kile hakivunjiki, nacho walijisifia. Akapiga mpaka mikono ikatoka damu. Zawena alikuwa anamtazama. Akaniambia, "Mwambie aache, ataumia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikuwa anakufa, akamhurumia aliyekuwa ndani.

Halafu wanataka niseme alifia njiani.

*

"Sema," Bi Nyanzala akaniambia.

Ndiye aliyekuwa msimamizi wa masufuria ya tanga tangu siku ya kwanza, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Yeye Mnyamwezi, Zawena wangu Mzigua, kwa hiyo watani. Maisha yao yote walitukanana kwa mapenzi. Siku ya mazishi alilala kaburini akakataa kutoka mpaka tumpe jogoo.

"Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

"Mimi. Mkwe wangu ana mimba, na unajua alipanda Kamba. Mtoto atazaliwa nazo. Unataka azaliwe kwenye ngazi za hospitali, mlango unamwambia karibu?"

"Na Zawena?"

"Zawena Mzigua yule, mbishi. Hata maiti yake ilibishana na jeneza la kwanza mpaka likaletwa refu. Atakasirika, atasahau." Akakoroga sufuria, akagonga mwiko ukingoni. Halafu sauti ikabadilika. "Shemeji, mimi sikulazimishi. Nakwambia tu wanaoishi wako wengi."

Hilo ndilo lililonikaba. Angekuwa mjinga ningemjibu. Nikatazama mikeka. Kulikuwa na kila aina ya mtu pale, na kila mmoja alikuwa na mlango wake anaoujua. Neno moja kutoka kwangu, yote inafunguka. Nani mimi nishike mlango wa watu kwa ajili ya maiti? Lakini tena nikajiuliza, haki inayoanza kwa kumzulia marehemu itadumu vipi? Kesho watasema hakuna Mjuu aliyewahi kufia mlangoni, mume mwenyewe alikiri. Kesho kutwa watasema mlango wenyewe haukuwepo.

"Ila jua jambo moja," Bi Nyanzala akaendelea. "Siku ya kuondoa tanga mtani haachi kazi yake. Nitamwigiza marehemu kama inavyotakiwa. Alivyotembea, alivyosema, alivyokufa. Ukiona sipaswi kufika huko, desturi unaijua. Nivishe kanga, nitakaa chini, nitanyamaza. Mkono ni wako."

Akanirudishia mzigo wangu hivyo, na sahani ya ugali juu yake.

*

Jumapili wakaja na viti, mazulia na maturubai. Gwakisa alikuwa anakimbia huku na huku na ratiba yake. Aliponiuliza yule mama mpana atafanya nini nikamwambia mtani, anaigiza marehemu, ni desturi. Akafurahi. Akaandika: burudani ya jadi. Akawaambia wakalimani wajiandae na vichekesho.

Sikumdanganya. Nilimwambia kama ilivyo, yeye ndiye hakusikiliza.

Waziri Mkuu Tindwa alikaa katikati, meza mbele yake, muswada juu ya meza. Kulia kwake alikaa mkuu wa wageni wa Nchi za Kati, mama mtu mzima aliyeitwa Sefani, mwenye mkalimani wa mashine shingoni, kidude kama kifungo kinachosema Kiswahili kila afunguapo mdomo. Kushoto, mwisho kabisa, alikuwepo Balozi Tavira wa Ranawe. Nchi za Kati zilidai pande zote mbili zishuhudie, hivyo wetu wakamvumilia kama mtu anavyovumilia jino. Nyuma yake alisimama mpiga picha wake, mwanamume mkimya, kamera yake inarusha moja kwa moja mpaka Ranawe.

Mimi nilikaa mkekani, mbele. Kwapani nilikuwa na kanga mpya ya Zawena, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

Bi Nyanzala akaingia na miwani ya kuchomelea ya mke wangu, amevaa ovaroli lililombana kila mahali, anatembea kwa matege yale yale. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mimi.

"Shekue!" akaita, na ilikuwa sauti yake Zawena kabisa. "Umepaka mafuta Kamba nzima mpaka mbinguni, mlango wa choo chako unalia kama paka. Nani atakuoa tena wewe?"

Vifungo shingoni mwa wageni vikatafsiri, na wageni wakacheka. Waziri Mkuu akacheka, akampiga Gwakisa bega. Bi Nyanzala akachomelea hewa, akaimba, akamtukana mkwe wake, akaniibia kofia. Kisha akashika kifua.

Akatembea taratibu mpaka kwenye ngazi za jukwaa lao. Akasimama. Akasema, kwa sauti nyingine, laini, "Karibu. Tafadhali subiri kwa umbali salama."

Watu wetu wakaacha kucheka wote kwa mpigo mmoja. Wageni wakachelewa kidogo, mashine zikiwa zinamalizia, kisha nao wakanyamaza.

Gwakisa akaja kwangu ameinama, jasho linamtoka ndani ya suti ya baridi. "Mzee. Mvishe. Mvishe sasa hivi."

"Kumbe unajua."

"Kwetu nako wapo watani. Nilisahau." Macho yake yalikuwa yanaomba. "Nakusihi, baba. Muswada uko mezani pale. Mvishe kanga, akae."

Bi Nyanzala alinitazama mara moja tu. Akawa anavuta muda, anahema mlangoni, ananisubiri. Nyuma yake nilimwona mkwe wake amekaa na tumbo lake, mikono juu. Sikuweza kumtazama usoni. Kanga ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa nyepesi.

Nikaiweka chini, nikaikalia.

Gwakisa akafumba macho. Bi Nyanzala akaendelea. Akawa daktari, akashika kiti cha mheshimiwa mmoja aliyekuwa amesimama, akakipiga hewani, akapiga, akapiga. Halafu akawa Zawena tena, chini, shavu kwenye zulia la serikali.

"Mwambie aache," akasema. "Ataumia."

Akabaki amelala pale. Nilisikia gari la mizigo likiunguruma juu kwenye Kamba.

Mama Sefani akageuka kwangu. Kifungo chake kikauliza, "Baba, ilikuwa hivi?"

Nikasimama. 

"Ilikuwa hivi," nikasema. "Mke wangu ndiye aliyechomelea kiungo cha katikati cha Kamba mnayotaka kuipandia. Kiko imara, msiogope. Alifia kwenye ngazi za hospitali ya nchi yake, mlango umemnusa na kumkataa. Waliouweka mlango ndio hawa mliokaa nao. Kalamu wanayo. Mimi sina la kuongeza."

Nikakaa. Sikuwahi kuongea mbele ya watu wengi hivyo, na sauti haikutetemeka.

Kila mtu akamtazama Tindwa. Nilimwona anahesabu kichwani, mtu akikutawala kwa miaka mingi unamjua anapohesabu. Akiinuka na kuondoka, Kamba inabaki ya kuanikia nguo. Akisaini, amekubali mbele ya dunia kwamba tulikuwa na haki na walikuwa wanajua. Akamtazama Tavira wa Ranawe, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu. Nadhani ni tabasamu lile lililotuokoa. Tindwa asingevumilia lishinde.

Akachukua kalamu. Akasaini. Akasimama, akasema serikali yake siku zote imewaenzi Wajuu.

Siku zote. Nikamwacha aseme. Hakusaini kwa mapenzi, na sitakufa nikimshukuru, wala mtoto wa Mjuu yeyote asije akafundishwa kumshukuru. Lakini wino ni wino, na jina la Zawena halikuwa na uongo juu yake. Mama Sefani alishuka jukwaani, akavua viatu bila kuambiwa, akaja kunishika mikono yote miwili. Nyuma yake vigelegele vikapanda uwanjani mpaka nikadhani Kamba itacheza. Sisi tuliokuwa tunaitwa vumbi. Tumekaa chini mwaka na ushei, hatukurusha jiwe, tumekula uji na polisi, na nchi imetusogelea yenyewe. Kifua changu kilijaa. Nikasema kwa nguvu, nikasikika hadi kwenye matangi, "Tanga tumeondoa."

Mikeka ikaanza kukunjwa.

Balozi Tavira alikuwa anapiga makofi, taratibu, kama mwenye shamba anayetazama mavuno. Akaja mbele ya kamera yake. "Ranawe inawapongeza," kifungo chake kikasema. "Dunia imeona aibu ya Shirikisho, na imeona nani aliyeifichua."

"Asante," nikamwambia. "Mmetusaidia, sikatai. Na kwenu, wanaopaka kamba mafuta, wanaingia hospitali ipi?"

Kifungo kikatafsiri. Akatabasamu bado. "Hilo ni suala jingine."

"Nimeuliza tu jina la hospitali."

Wetu jukwaani wakaanza kuchekelea, Gwakisa akiwa wa kwanza, na hilo lilinikera kuliko Tavira. Nikataka kuwageukia. Lakini mpiga picha alikuwa ameiacha kamera yake. Aliitua juu ya miguu yake mitatu, ikiwa inawaka, imeelekea kwetu, akazunguka kuja mbele yake. Akavua viatu. Akapanga jozi pembeni vizuri, kama alivyoona tunafanya mwaka mzima kupitia kioo chake. Akakaa kwenye mkeka wa mwisho uliokuwa haujakunjwa.

Tavira akamwamuru kitu kwa lugha yao. Hakuinuka.

"Mama," akasema. Hakuwa na kifungo. Alikuwa amejifunza neno lenyewe, sijui kwa nani. Akagusa kifua chake, akaonyesha juu, kule Kamba inakopotelea, kisha akaonyesha mbali, upande wa bahari. "Mama yangu. Mlango."

Waliokuwa wanakunja mikeka wakasimama nayo mikononi. Jukwaani hakuna aliyechekelea tena. Nikatazama lile jicho la kamera, nikawaza ni nyumba ngapi za Ranawe zinatutazama muda ule, na wapaka mafuta wangapi.

Nikakaa karibu yake. "Pole sana," nikamwambia. "Aliitwa nani?"

Akataja jina ambalo ulimi wangu haukuliweza. Akalirudia polepole, nikalirudia. Watu wakaanza kurudi na mikeka, wanaitandaza tena.

Bi Nyanzala akaja anahema, bado na ovaroli, akajibwaga upande wake wa pili mpaka mkeka ukasogea.

"Muulize kabila lake," akaniambia. "Nijue kama nalia au namtukana."